Nilikula Kabla ya Kusema

Mke wangu Mama Wakesho,

Nakusalimu kutoka hapa Doha, na kabla hujauliza, mimi ni mzima, mgongo umenyooka na meno yote yapo isipokuwa yale mawili unayoyajua. Je, wewe? Goti la kushoto bado linakataa kupanda kutoka kisimani? Ng'ombe mwekundu amezaa au angali anatuzungusha? Na mama mkwe wangu, anapata usingizi siku hizi? Nijibu yote, moja moja. Usiniandikie "sote wazima" kama mtu anayejaza fomu ya serikali.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu. Wapo vijana huku waliosoma mpaka wakachoka, wangeimaliza kwa dakika kumi, nami nimekataa. Darasa la nne la wakati wetu lilikuwa darasa la nne kweli. Naandika juu ya boneti ya gari, leo ni siku ya tatu, na kalamu ni ya pili. Ataileta yule muuguzi wa Voi ninayesali naye Mesaimeer siku za Ijumaa, anakuja likizo. Isome peke yako kwanza, chumbani, mlango ukiwa umefungwa. Wakesho akikuomba akusomee, mnyime.

Najua macho yako yanaruka mistari yanatafuta neno moja, kama nakuja harusini au siji. Nitafika hapo. Usinisukume. Jambo hili lina mwanzo wake na nikianzia mwisho utanihukumu kabla sijajitetea.

Kwanza nikiri. Ile Jumapili nilipokupigia nikasema karatasi ya kutoka nchini iko tayari, haikuwa tayari. Tikiti ilikuwepo, suti ilikuwepo, nimeshonewa na fundi wa Najma ambaye alinipima mara mbili kwa kuwa hakuamini kifua cha mzee kinaweza kuwa kipana hivi. Likizo pia nilikuwa nimepewa kwa mdomo. Lakini huku mtu hatoki kama anavyotoka Wundanyi kwenda Voi. Lazima kafili wako, yaani yule aliyekuleta na anayekuandika jina, atie sahihi karatasi wanayoiita khuruj. Bila sahihi hiyo utafika uwanja wa ndege, watakutazama vizuri, na watakurudisha kwa adabu.

Kafili wangu ni huyu kijana ninayemwendesha, ambaye nimemzidi miaka ishirini na mitano na bado namwita Baba. Ndivyo madereva wa nyumba wote wanavyofanya huku. Mwanzoni ulimi ulikuwa mzito, sasa umezoea. Si mtu mbaya. Mara tatu nilimkumbusha ile karatasi na mara tatu alinijibu, "Bukra, inshallah," kesho Mungu akipenda, na alisema kwa moyo mweupe. Tatizo la kesho yake ni kwamba kila asubuhi inaamka na kuwa leo.

Sasa wewe wajua kwa nini sikuweza kungoja. Suti na keki na kwaya si kitu, hata mimi nisipokuwepo mtaimba. Lakini Wakesho ni wa mwisho, na jioni ile kabla ya kanisa baba ndiye hujaza kinywa maji ya miwa, akayapuliza hewani, akamtolea mtoto kila kinyongo kilichomo kifuani. Hiyo kutasa yetu hakuna aliyeifuta. Mchungaji mwenyewe huwa anakumbuka kwenda kuangalia maua wakati huo. Wakubwa wake wote wawili niliwafanyia mimi. Huyu nikimwacha aende hivi hivi, siku mtoto wake akilia homa atajiuliza babangu alikuwa na neno gani nami. Ndiyo maana niliapa nitakuja. Niliapa mbele ya watu, tena kwa sauti.

Basi Ijumaa hiyo kulikuwa na tamasha la vyakula na vinywaji katika bustani ya michezo, kule njia ya kwenda Al Wakrah. Ni uwanja mkubwa umejaa mashine za kuchezea. Kuna gurudumu refu kuliko mnara wa kanisa letu mara tatu, linabeba watu ndani ya vibanda. Kuna garimoshi la watoto, kuna farasi wa mbao wanaozunguka kwa muziki. Na katikati ya hayo yote wakapanga vibanda vya mapishi ya dunia nzima. Baba alikuwa anampeleka mamake, ambaye sisi watumishi tunamwita Mama Kubwa. Ana miaka themanini na zaidi, anatembea kwa kiti cha magurudumu, na kukisukuma kiti kile hataki mtu mwingine ila mimi. Anasema wengine wanasukuma kama wanapeleka saruji.

Nikajiambia, hapa ndipo. Ijumaa Baba hana ofisi, ana mamake, ana chakula, roho yake itakuwa imekaa. Nikavaa suti ya harusi ili ajue nina jambo zito. Na nikakumbuka agizo la marehemu baba, alilotufundisha mimi na yule mwingine, tukiwa wadogo: ukienda kwa mtu na haja, iseme kinywa kikiwa kikavu. Ukishakula chake, neno lako limelala, ukaliamshe siku nyingine. Kwa sababu anayekula kisha akaomba, anamwambia mwenye chakula kwamba kile alichopewa hakikumtosha. Sijawahi kuivunja sheria hiyo tangu nizaliwe. Nilipokuja kukuposa kwenu, unakumbuka, dada zako waliniwekea viazi vitamu vinafuka moshi, sikuvigusa mpaka nimesema nilichojia. Vikapoa. Nikavila vimepoa, na nikakupata.

Langoni nilimkuta Odhiambo, yule askari wa ulinzi kutoka Siaya ambaye nilikuambia tunakaa benchi moja kanisani. Kazi yake siku hiyo ilikuwa kuwarudisha wanaume waliokuja peke yao, maana Ijumaa bustani ile ni ya familia tu. Watu wazima wenye ndevu walikuwa wamesimama nje ya uzio wanatazama gurudumu likizunguka. Mimi nikapita katikati yao nikisukuma kiti, lango la familia, kichwa juu.

"Wacha wewe!" Odhiambo akasema. "Mzee Mwadime na tai! Leo unaoa ama unaolewa?"

"Naoza," nikamjibu. "Fungua lango, kijana."

"Karatasi imesainiwa?"

"Inasainiwa leo."

Akanivuta kando kidogo. "Mzee wangu, nisikize. Mwambie saa hii, hapa hapa langoni, kabla hajaona nyama. Hao wakianza kuonja vitu, hutampata tena. Na wewe pia nakujua, ukiona mbuzi utasahau hata jina la bibi harusi."

"Mimi?" nikamwambia. "Mimi nilifunga siku tatu wakati wa njaa na nikalima."

"Sawa, mkulima. Songa."

Nikamsogelea Baba. Nikakohoa. Alikuwa na simu sikioni, akaniinulia kidole kimoja, ngoja. Nikangoja. Mtu mzima hungoja akiwa amesimama wima, mikono nyuma, nami ndivyo nilivyosimama. Lakini Mama Kubwa haingoji dunia. Alikuwa ameshajisukuma mwenyewe mpaka kibanda cha Waturuki, akarudi na mshikaki wa kondoo, akanitia mkononi.

"Kul," akasema. Kula.

Mama Wakesho, ningefanya nini? Nilikishika kile kijiti kama mtu anayeshika mshumaa Ijumaa Kuu. Mafuta yanatiririka, yanaingia kwenye mkono wa shati jipya. Baba bado yuko kwenye simu, sasa anatembea huku na huku, anasema maneno makali kuhusu makontena. Nikangoja. Mama Kubwa ananitazama kupitia ile barakoa yake ya zamani, wanayovaa wanawake wa umri wake.

"Kwa nini huli? Mkono wangu mchafu?"

"Hapana, Mama. Nina neno kwa Baba kwanza."

"Neno lako lina miguu? Litakimbia? Nyama ndiyo inayopoa. Au dereva wangu sasa ameona chakula changu hakimfai, kwa kuwa amevaa koti?"

Watu wakaanza kugeuka. Bibi wa miaka themanini ananibembeleza nile mbele ya umati. Wewe mwenyewe ungenipiga kibao kama nisingekula. Nikamtazama Baba, kidole bado kiko juu. Nikala.

Mungu anisamehe, ilikuwa nyama tamu. Waturuki wale hawakuilowesha katika viungo mpaka ikasahau kwamba ilikuwa kondoo. Chumvi, moto, basi. Nilipomeza tonge la kwanza nikajua neno langu limelala. Na neno likishalala, mke wangu, halilali zaidi kwa mshikaki wa pili. Nikajiambia, Mwadime, leo umeshindwa, kesho alfajiri utamkamata Baba akitoka msikitini kinywa kikiwa kikavu. Leo basi kula.

Na nilikula. Sitakuficha, kwa sababu Odhiambo alipiga picha na ushahidi upo ndani ya bahasha. Walitufunga mkanda wa karatasi mkononi, ukiuonyesha unapewa chochote. Nilikula wali wao wa machbus na kondoo, nikamwambia mpishi ameuondoa motoni mapema, akabisha, nikamshika mkono nikamwonyesha punje ngumu, akaurudisha motoni. Nilikula mkate wa Wahabeshi wenye matundu. Nilikula samaki mbichi wa Wajapani, ndiyo, mbichi kabisa, wengine walikuwa wanakunja nyuso, mimi nikamaliza nikaomba mwingine ili waone. Nilitafuta kibanda chetu nipate ugali, hakipo. Vibanda hamsini na hakuna hata mmoja anayejua kusonga! Nikamuuliza msimamizi, dunia gani hii isiyo na ugali? Akaniandika jina kwenye karatasi, akasema mwakani watanifikiria. Kwa hiyo jua kwamba jina langu liko katika karatasi za tamasha.

Kulikuwa na Mfaransa mmoja na chupa ndefu za divai, zimepangwa kama kanisani. Nikashtuka, kwa maana huku pombe hainywewi hadharani. Akanieleza kwa Kiingereza cha pole pole kwamba ni zabibu tupu, kilevi kimetolewa. Nikaonja. Nikaonja ya pili. Nilikunywa vikombe saba nikisubiri kichwa kiseme neno, kimya kabisa. Akaniuliza naionaje. Nikamwambia, rafiki yangu, hayo ni maji ya matunda yaliyovaa suti, na mimi mwenyewe leo nimevaa suti, kwa hiyo najua. Akacheka mpaka akanipa chupa nzima. Mbangara ya shangazi yako, ile pombe ya miwa, ingemlaza chini kwa kikombe kimoja.

Halafu Mama Kubwa akataka kuona watu wakipanda farasi. Lakini farasi walikuwa na watoto peke yao, na watoto hawamfurahishi, anasema wanalia. Akanielekezea fimbo. "Panda wewe." Nikamwambia mimi ni mtu wa miaka sitini na mmoja, baba wa watoto watatu. Akasema, "Na mimi nina themanini na kaburi langu limeshapimwa, sijamwona mzee mwenye tai akipanda farasi." Nikapanda. Nilikaa wima, sikushika hata ile nguzo. Kila nikizunguka namwona yuko palepale anapiga magoti yake kwa viganja, kicheko kinamtikisa, machozi yanamtoka chini ya barakoa. Mkononi nilikuwa na mshikaki mwingine. Hiyo ndiyo picha. Mwanzoni nilitaka uwaonyeshe watu wote. Sasa iweke chini ya godoro.

Maana nilipokuwa naruka na kushuka juu ya mbao, Mama Wakesho, nilikuwa na furaha. Nataka ulijue hilo kutoka kwangu. Mwanangu anaolewa, karatasi haijasainiwa, na mimi nilikuwa na furaha kama mpumbavu.

Jua lilipoanza kushuka Baba akaja mbio. Ana safari ya ghafula, nimpeleke uwanja wa ndege, mamake atarudishwa na mpwa wake. Alikuwa na ule mkoba wake mdogo wa Dubai. Huo mkoba naufahamu, ni wa kwenda leo na kurudi kesho, nimeubeba mara mia. Tukaingia garini. Dakika ishirini na tano, mimi na yeye peke yetu, hata redio aliizima.

"Mwadime, leo uko kimya," akasema kutoka nyuma.

"Nimeshiba, Baba."

"Mama amesema ulipanda farasi."

"Nilipanda."

Akacheka. "Tangu baba yangu afariki sijamsikia mama akicheka hivyo. Mungu akulipe."

Hapo, mke wangu. Hapo ndipo mtu mwingine angesema. Mlango ulikuwa wazi, na yeye mwenyewe ndiye aliyeufungua. Karatasi ilikuwa ndani ya koti langu, upande wa moyo, pamoja na kalamu. Lakini nilikuwa nimekula chake mchana kutwa mpaka mkanda wa suruali unalia. Nikaona marehemu baba amekaa pale kiti cha mbele ananitazama.

Tukafika. Akashuka, akachukua mkoba, akageuka. "Ulikuwa na jambo? Pale langoni nilikuona."

"Si la leo, Baba. Nitakuambia kesho."

"Kesho, inshallah," akasema, akaingia ndani.

Unaona? Safari hii kesho niliitaja mimi.

Asubuhi hakurudi. Kutoka Dubai alikuwa ameunganisha hadi Ujerumani, ndugu yake amelazwa huko, anapasuliwa. Wiki tatu. Harusi ni Jumamosi ya wiki ijayo. Simu yake imefungwa.

Sikukaa kitako. Nilikwenda ofisini kwake, karani wake akanikaribisha chai, akasema, "Mzee, ningeweza ningeisaini sasa hivi. Lakini lazima iwe sahihi yake, si yangu, wala ya mamake." Nikaenda kwenye ofisi ya serikali yenyewe, nikachukua nambari, nikakaa. Ilipofika zamu yangu yule kijana wa dirishani akasikiliza hadithi yote, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli, akasema, "Mlete kafili wako, haji." Nikamwambia mimi si haji, mimi ni Mwanglikana, na kafili wangu yuko hospitali Ujerumani. Akasema, "Basi akirudi, mlete." Nikamwuliza kama nikikaa pale mpaka jioni itasaidia. Akasema kukaa si kosa. Nikakaa mpaka wakafunga.

Odhiambo nilimwambia. Nilidhani atanicheka. Hakucheka, na hilo ndilo liliniuma. Akasema tu, "Lakini mzee, alikuuliza. Kwa mdomo wake alikuuliza." Nikamwambia nyamaza, hujui sheria za kwetu. Akanigawia sigara, na mimi sivuti.

Mwisho Mama Kubwa mwenyewe akampata mwanawe kwa simu, akamfokea mbele yangu kwa kilio. Baba akaomba kuzungumza nami. Sauti yake ilikuwa imechoka. Akasema hakuwa na habari kwamba siku zimekaribia hivyo, kwa nini sikusema kwenye gari? Akasema akirudi atanipa mwezi mzima badala ya wiki mbili, na bibi harusi atamletea zulia. Mama Kubwa naye ameahidi marashi. Karani ameahidi kuniombea. Wema wote huo, na hakuna hata mmoja unaopanda ndege.

Basi ndilo hilo neno ulilokuwa unalitafuta. Siji.

Usiniambie nilikosea. Au niambie, lakini si kwa barua, itunze hasira yako mpaka nije unipe mkononi. Najijua nilivyo. Hata sasa nikiulizwa kama sheria ya baba ni mbaya nitasema si mbaya. Iliundwa kwa watu wanaokaa kijiji kimoja, ambako neno likilala leo, kesho mwenyewe yupo, unavuka boma tu unamkuta anakama. Aliyeitunga hakuwahi kuona uwanja wa ndege.

Sasa lililobaki, na hili ndilo limenimalizia kalamu ya kwanza. Kutasa haiwezi kukosa mtu. Mimi nisipokuwepo, ni ndugu wa damu wa babake, na ndugu nilionao ni mmoja. Mwanjala. Nimeliandika jina lake, umeliona? Mwaka wa nane huu sijalitamka. Tangu alipougeuza mfereji ukanywesha kabichi zake na zangu zikawa nyasi, na nilipomwuliza akaniambia maji hayana mwenyewe, mimi mkubwa wake! Niliapa mguu wake hautakanyaga ua wangu. Wewe ulilia ukiniomba nilegee, sikulegea. Najua pia kwamba unamsalimia kisimani nisipokuwepo, usidhani sijui.

Nenda kwake. Nenda wewe mwenyewe, usimtume mtu. Mwambie kaka yake amesema asimame mahali pake. Asikae benchi la wageni, mpe kiti changu, kile cha mgongo. Ila mwambie sikumwomba. Nimemwamuru, kwa kuwa mimi ndiye niliyetangulia kuzaliwa. Akiuliza nimeandika kwa maneno gani, mwambie ni barua ya mume na mke.

Lakini atakuuliza jambo lingine, na ni haki yake. Atakuuliza, nitamtolea mtoto hasira za nani, na Mwadime bado ananichukia? Nawe hutakuwa na jibu. Kwa hiyo sikiliza. Jana asubuhi, kabla ya chai, nilitoka uani penye bomba. Miwa hapa haipatikani, nilichukua maji tu. Nikageukia upande wa kwetu. Funda la kwanza nikamtolea Baba na karatasi yake, likatoka vizuri. La pili nikajitolea mimi na kinywa changu, likatoka. La tatu nikataja jina la Mwanjala, na maji yakarudi kooni, nikapaliwa, nikakohoa mpaka Mama Kubwa akafungua dirisha kuuliza kama nakufa. Nikarudi ndani. Nilishinda siku nzima naosha gari ambalo ni safi.

Leo nimeamka nikarudi palepale. Nilijaza kinywa nikasimama, sijui muda gani, mashavu yakaniuma. Nikamfikiria Wakesho amepiga magoti na anayempulizia si mimi. Nikafikiri, ikiwa sumu yangu itamfikia kupitia mdomo wa yule, kosa litakuwa la nani? Nikayapuliza. Yakaenda mbali, Mama Wakesho, yakafika mpaka ukutani, hata kijana hawezi. Mwambie Mwanjala yametoka. Kifuani nimepapasa, hakuna kitu. Patupu tu, na panauma kidogo, lakini hasira si hiyo.

Nisalimie mama mkwe, mwambie asile karanga za harusi, meno hayaruhusu. Nisalimie kaka yako, mjomba wa bibi harusi, ambaye najua mmempa jiko: mbuzi asiondolewe motoni mapema, mimi nimeshaona duniani wanavyokosea. Mshukuru jirani wa chini anayetukatia majani ya ng'ombe. Mkwe wangu, huyo kijana wa Mwatate, nimemwona kwa picha tu. Masikio yake ni makubwa, lakini mtu wa masikio hayo akiambiwa husikia, basi mwambie baba wa mkewe ni mkali na yuko hai. Na Wakesho, ukishamaliza kulia wewe, umpe barua hii sasa aisome yote, hata pale pa farasi. Suti nitaivaa Jumamosi hiyo, saa ile ile mtakayoingia kanisani, nikae nayo hapa penye bomba.

Ni mimi mumeo, niliyezuiwa na karatasi na kinywa changu mwenyewe,

Mwadime,
baba wa bibi harusi.